Mrija Mmoja kwa Kila Nyumba

1

Kifua cha Wande hakikuwa na kitu.

Daktari wa zamu alikuwa amekipiga picha mara tatu, na mara zote tatu mapafu yalionekana safi, kama ya mtu asiyewahi kukaa karibu na moshi. Hata hivyo, wito ulioingia kwenye simu yake ulikuwa mwekundu: una uvimbe unaoanza, fika hospitali ndani ya siku kumi. Wande alikuwa na miaka ishirini na minne. Tangu azaliwe hakuwahi kuvuta sigara hata moja.

Kalekwa Msabila aliitwa kutoka ofisi ya utafiti iliyokuwa ghorofa ya chini ya hospitali hiyo, mjini Tabora, kwa kuwa wito ulikuwa umetoka kwenye mashine yake. Alipanda ngazi taratibu. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na magoti yake yalikuwa bado yanakumbuka miaka ishirini aliyokaa chini akichambua tumbaku ghalani, kabla hajarudi darasani jioni kusoma na watu wa umri wa wanawe.

"Mwangaluka, mayu," Wande alimsalimu kwa Kinyamwezi, akipiga goti kidogo.

"Mwangaluka, mwanangu. Kaa. Naambiwa mashine yangu imekusingizia ugonjwa. Nimekuja kukuomba radhi kwa niaba yake."

Wande hakucheka. Alikuwa anasokota ncha ya kanga.

"Haikunisingizia, mama."

"Sasa?"

"Si mimi niliyepuliza."

Kalekwa alivuta kiti akaketi. Nje, toroli la dawa lilijiendesha lenyewe koridoni, likasimama mlangoni, likaona hakuna aliyeliita, likaendelea.

"Siku ile ulipokuja kwetu," Wande alisema, "ulianza na baba mkwe. Akapuliza kwenye ule mrija. Ukautia kwenye kisanduku chenye taa, ukautoa, ukanipa mimi. Mama, wewe si mtu wa kwetu? Ningetiaje mdomo palipotoka mdomo wa mkwe? Naye yuko pale pale kwenye kiti chake, ananitazama!"

"Taa ile inaua kila kijidudu, Wande."

"Sikuogopa vijidudu."

Kalekwa alianza kuikumbuka siku yenyewe.

"Ukaniomba ukapulizie uani," alisema.

"Ukaniruhusu. Ukasema, nenda mwanangu, usione haya. Nikamkuta Mihambo nyuma ya jiko, nikamwambia, nisaidie. Akapuliza. Tukacheka sana. Nikakuletea mrija wako."

"Mihambo mumeo."

"Ndiyo."

"Anavuta?"

"Tangu sijamjua."

"Anakohoa?"

Wande aliinua macho. Ilikuwa wazi kwamba hakuwa amefika huko. Alikuwa amekuja kuungama aibu ndogo, basi.

"Asubuhi," alisema polepole. "Anasema ni vumbi la bani." Bani ni nyumba ya kukaushia tumbaku. "Mama, kwa hiyo ule uvimbe…"

"Mwambie aje leo."

"Leo yuko Kigoma. Amepeleka mzigo. Na akija, mtampima kwa lipi? Hakuitwa yeye. Nilipofika hapa walinikagua kidole kwanza, ndipo wakanifungulia mlango."

Hilo lilikuwa kweli. Tangu matibabu ya kuosha mapafu yaanze, mlango wa wodi ile ulifunguka kwa mwenye wito tu.

Kalekwa alitoka koridoni. Kwenye benchi walikuwa wameketi wanawake wengine wanne, kila mmoja na simu yenye taa nyekundu mkononi. Aliketi kati yao, akawauliza kwa sauti ya chini, mmoja baada ya mwingine, swali lile lile. Wawili walipuliziwa na waume zao. Mmoja alipuliziwa na shemeji yake. Wa nne alipuliza mwenyewe, kwa kuwa mkwe wake alikwisha kufariki kabla Kalekwa hajafika, na mzee aliyetangulia kupuliza alikuwa babu wa mumewe, asiyemwonea haya.

2

"Mnyamwezi!" Chiwanga, fundi wa mashine, alimpokea bila kuinua kichwa kutoka kwenye meza yake. "Umekuja kubeba mzigo au kuniongezea?"

"Nyamaza, Mgogo. Leo sina cha kukupa."

Kwa kawaida wangeendelea hivyo kwa dakika tano, kwa kuwa utani wa makabila yao ulikuwa umewavusha siku nyingi ngumu. Lakini fundi huyo alimtazama usoni, akaweka chini bisibisi.

"Kuna nini?"

Alimweleza yote. Mbele yao, juu ya meza, Sikizi ilikuwa imefunguliwa matumbo. Mashine hiyo haikupima hewa tu, ilisikiliza. Kila moshi huacha mkwaruzo wake ndani ya kifua. Wa kuni ni mpana na mzito, wa bani una kama mluzi ndani yake, na wa sigara ni mwembamba na uko juu. Sikizi ilizitenganisha sauti hizo kama mwalimu wa kwaya anavyosikia sauti ya tatu katikati ya wimbo, kisha ikasema: huyu ana moshi kiasi hiki, umetoka huku, umeharibu mpaka hapa. Zaidi ya hayo, iliitambua sauti ya kila kifua. Hakuna vifua viwili vinavyolingana, ndiyo maana sauti hiyo iliwekwa kwenye daftari la taifa pamoja na alama za vidole.

"Nyumba ngapi?" Chiwanga aliuliza.

"Mia tatu na arobaini. Kila nyumba nilimpima mzee mwenye nyumba, mvutaji, na mkamwana wake asiyevuta. Waume wa hao wanawake niliwauliza tu kama wanavuta. Mrija mmoja kwa kila nyumba, Chiwanga. Nilitumiwa mia tano, nikasema nitaitunza mingine kwa ajili ya vijiji vya mwakani. Nikaona taa inasafisha, inatosha."

"Wito mwekundu wa wanawake?"

"Sabini na mmoja."

Chiwanga alipuliza hewa puani. "Na benchi lako linasema wengi wao si wao."

"Unaweza kuniambia ni akina nani waliopuliza?"

"Mama, unajua siwezi. Jina huyeyuka pale pale mtu anapopuliza. Linabaki tarakimu, na njia moja tu ya kupeleka wito kwenye simu aliyoiandikisha. Hata waziri akija hapa na bunduki siwezi kumrudishia jina. Na kuzipitia upya nyumba zote huwezi kwa siku nne zilizobaki."

"Ila kwa tamko."

"Ila kwa tamko," Chiwanga alikubali.

Sheria ya tafiti ilikuwa imeacha ufunguo mmoja. Mtafiti aliyekusanya pumzi akiona kosa kubwa, husimama mbele ya kamati ya Bunge iliyoomba utafiti, akasoma tamko la dosari. Hapo kufuli hufunguka, sauti za vifua hulinganishwa na daftari la taifa, na kila mtu hupata kilicho chake. Lakini siku hiyo hiyo utafiti wote huondolewa mezani.

Na utafiti wenyewe ulikuwa na jina, Gharama ya Moshi. Ukurasa wake wa tisa ulisema kwamba mwanamke asiyevuta anayeishi na wavutaji hubeba robo tatu ya moshi wa mvutaji mwenyewe. Kutoka ukurasa huo zilihesabiwa gharama zote za taifa: vitanda vya hospitali, siku zisizolimwa, watoto walioacha shule wakauguze mama. Juu ya gharama hizo ulisimama Muswada wa Nyumba Isiyo na Moshi, ambao ungekataza kuvuta mahali wanapolala wengine, na kuwatoza watengenezaji sigara matibabu ya vifua. Kamati ilikuwa ikutane Jumatano. Kura ilikuwa Alhamisi.

Leo ilikuwa Jumatatu, siku ya sita tangu wito utoke.

3

Treni ya Dodoma ilimfikisha kabla ya chakula cha mchana siku ya Jumanne. Daktari Kokushubira, mkuu wa utafiti, alimpokea katika ofisi iliyojaa makaratasi, ingawa watu wengi walikuwa wamesahau makaratasi. Alikuwa ameupigania muswada huo kwa miaka kumi na moja. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Dada Kalekwa," alisema hatimaye, "moshi unaua wake za wavutaji. Huo ni uongo?"

"Si uongo, Daktari."

"Tuliujua ukweli huo kabla Sikizi haijazaliwa. Kilichokosewa ni namba."

"Namba ndiyo tuliyowapa."

"Najua." Alisugua macho. "Ukisoma tamko kesho, hawatasikia habari ya mrija wala mkwe. Watasikia kwamba utafiti ni wa uongo. Muswada utaanguka, na ukianguka haurudi kabla ya miaka mitano. Nimeipigia hesabu hiyo miaka mitano. Watu elfu kumi na moja. Wewe upande wako una wangapi?"

"Sabini na mmoja. Pungufu kidogo."

Daktari aliziacha zile namba mbili zikae pamoja mezani.

"Subiri wiki tatu," alisema baadaye, na sauti yake sasa ilikuwa ya kuomba. "Muswada upite, utiwe sahihi. Kisha usome tamko lako, nami nitasimama nawe."

"Wana siku kumi. Leo ni ya saba. Uvimbe ukishakaza, kuosha hakusaidii. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Unadhani nimesahau?"

"Hapana, Daktari."

"Mumeo alikufa kwa nini?"

Kalekwa aliinamisha kichwa. Sizya alikuwa ameugua kifua miaka minne. Katika mwaka wa mwisho alilala akiwa ameketi. Kalekwa alijua, na Daktari alijua, kwamba tangu msiba ule hakuna siku aliyoomba bila kuutaja muswada huu mbele za Mungu.

"Wale elfu kumi na moja," alisema, "siwajui. Nawasikitikia, lakini siwajui. Hawa nilikaa kwenye viti vyao. Niliwaambia kwa mdomo wangu: pulizeni humu, aliye mgonjwa ataambiwa. Wakaniamini."

"Waliopuliza hukuwaambia wewe. Walijificha uani."

"Nilimwambia kila mwenye nyumba ile, Daktari. Sikusema isipokuwa wa nyuma ya jiko."

Daktari Kokushubira aligeukia dirishani. "Ufunguo ni wako," alisema. "Sheria haikunipa mimi. Nenda ukapumzike."

4

Alfajiri ya Jumatano Kalekwa alipiga magoti kando ya kitanda, katika nyumba ya wageni ya kanisa.

"Bwana," alisema, "nimekuomba sheria hii miaka tisa. Leo unaniweka mlangoni pake na kuniambia nishike komeo. Kama nimekusikia vibaya, nisimamishe. Kama nimekusikia vizuri, nishike mkono, maana naogopa."

Alisikia maji yakidondoka bafuni, na mtu akifagia uwanja.

Akaendelea kuomba kama alivyozoea. Akawataja wanawake: mama aliyekufa Urambo, binti wa jirani, Wande, wale wa kwenye benchi. Alipofika mwisho wa orodha alikwama. Aliona jambo ambalo miaka tisa hakuwa ameliona. Kila siku alikuwa akiwaombea waliovutishwa moshi. Wavutaji hakuwa amewaombea hata siku moja. Aliwataja kama mtu anavyotaja ukame au nzige. Hata Sizya, alipokuwa hai, alimwombea aache, wala hakumbuki kama alimwombea yeye mwenyewe.

Aliweka paji la uso juu ya shuka.

"Na Mihambo," alisema mwishowe. Majina mengine hakuyajua.

5

Chumba cha kamati kilikuwa na baridi ya mashine. Kalekwa aliketi mbele, na Daktari Kokushubira akaketi kando yake bila kumtazama. Mwenyekiti alipompa nafasi, Kalekwa alifungua mdomo, sauti isitoke kwenye spika. Alibonyeza huku na huku. Daktari alinyoosha mkono polepole, akambonyezea kitufe cha kipaza sauti, akaurudisha mkono wake mapajani.

Alisoma tamko. Lilikuwa ukurasa mmoja. Alipomaliza, mjumbe mmoja wa nyuma akasema, "Kwa hiyo, Mwenyekiti, Wanyamwezi wametupulizia!" na chumba kikacheka.

Mwenyekiti hakucheka. "Mama Msabila, namba ya kweli ni ngapi?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Ni ndogo kuliko hii?"

"Nadhani ni ndogo. Lakini sijui."

"Na mrija mmoja kwa kila nyumba, nani aliamua?"

"Mimi."

"Mimi ni mtu wa Pwani," mwenyekiti alisema, "na hata sisi tunajua kwamba mkamwana hatii mdomo alipotia mkwe wake. Wewe umeolewa kule. Hukujua?"

"Nilijua, Mheshimiwa. Nilijua kabla sijajua kusoma vizuri. Miaka kumi na nane sikunywa maji kwenye kikombe cha baba mkwe wangu." Alilikunja tamko. "Nilipopewa kisanduku chenye taa, nilidhani nililosoma limefuta nililojua. Kosa ni langu. Wanawake wale hawakudanganya. Walishika adabu ambayo mimi nilisahau kuwauliza."

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti aliandika, akauliza kama kuna aliye na la kuongeza. Kisha akatangaza kwamba Gharama ya Moshi imeondolewa mezani, na kwamba kufuli lifunguliwe.

Alhamisi, muswada ulianguka kwa kura kumi na tisa.

6

Simu ya Wande ilikuwa imeingia Jumatano hiyo hiyo, saa tisa alasiri, Kalekwa akiwa kwenye ngazi za Bunge.

"Ameitwa, mama. Ni nyekundu. Amerudi asubuhi, na sasa anasema mashine ilishakosea kwangu, hata kwake imekosea."

"Mpe simu."

"Shikamoo, mama," sauti ya Mihambo ilisema.

"Marahaba. Mwanangu, siku ile nyuma ya jiko, ulipuliza wewe?"

Kilisikika kikohozi, kirefu, alichojaribu kukizuia kwa kiganja.

"Nilipuliza mimi. Tulikuwa tunatania tu."

"Basi haijakosea."

"Nitakwenda hospitali kesho kutwa, mama. Nina tumbaku banini, nikiiacha itaungua yote."

"Kuna nani mwingine anayejua kuchochea moto?"

"Wande anajua."

"Basi muachie Wande, uende leo."

Alikwenda. Kufuli lilipofunguka, wanaume sitini na wanne walikuwa wamepatikana nyuma ya majina ya wake na mashemeji zao. Hamsini na wanane walifika ndani ya siku zao. Wanne walichelewa. Wawili walikataa kabisa, na Kalekwa alikwenda nyumbani kwao mwenyewe, akafukuzwa, akaenda tena.

Alivuliwa usimamizi wa utafiti. Hakupinga. Alipewa begi la mkusanyaji wa kawaida, kama lile alilokuwa nalo mwaka wa kwanza, akaambiwa kama anataka namba ya kweli akaitafute.

7

Alipofika nyumbani kwa kina Wande, mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Mihambo alikuwa uani kwenye kiti cha kamba, amekonda, blanketi begani. Alipomwona Kalekwa alificha kitu chini ya blanketi, na moshi mwembamba ukamsaliti, ukapanda kandoni mwa shingo yake.

"Mama, nimepunguza," alisema haraka. "Muulize Wande. Ndani sivuti tena."

"Sikuja kukukamata. Hakuna sheria." Alimpa mkono. "Kifua?"

"Naweza kulala chali."

Kalekwa alisimama akiwa ameushika mkono ule muda mrefu kidogo kuliko salamu inavyohitaji.

Kisha alikwenda kumsalimu Mzee Kalugula, baba wa Mihambo, aliyekuwa barazani akimenya karanga. Aliketi chini yake, kwenye mkeka, akaliweka begi pembeni bila kulifungua.

"Baba, kabla sijatoa mashine nataka kuuliza. Katika nyumba hii, nani haketi na nani? Nani hashiki alichoshika nani?"

Mzee aliacha kumenya. Alimtazama, kisha akacheka kwa kifua chake kibovu mpaka machozi yakamtoka.

"Eeh," alisema. "Sasa ndiyo umekuja. Mara ya kwanza ulipita tu."

Akamweleza, naye akaandika. Orodha ilikuwa ndefu kuliko alivyotarajia.

Wande alipuliza jikoni kwake, mlango umefungwa, kwa mrija mpya ambao Kalekwa aliutoa kwenye karatasi yake mbele ya macho yake. Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Sikizi ikasikiliza. Kwanza ikatoa kuni, nyingi. Ikatoa bani. Halafu ikakaa kimya, kama mtu anayetega sikio zaidi, ikaonyesha tumbaku ya sigara: sehemu tisa katika mia ya moshi wa mvutaji.

"Ngapi?" Wande aliuliza, akifuta mdomo.

"Tisa."

"Ile ya kwanza ilikuwa sabini na kitu."

"Ndiyo."

"Tisa itawashtua wabunge?"

"Sijui, mwanangu. Zikikusanywa zote, huenda. Huenda isiwashtue."

Wande aliinama akaitazama ile tarakimu ndogo kwenye kioo, uso wake karibu kabisa, kama anayetafuta kitu cha kwake alichokipoteza.

"Hii ni yangu mimi?"

"Yako mwenyewe."

"Basi iandike, mama. Usiiongeze."

Kalekwa akaiandika.